Watoto hawa wanahitaji mtu atakayerudi

Bwana Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya kijana mmoja iliyochapishwa katika gazeti lenu majuma mawili yaliyopita, ambamo aliyaomba makundi ya vijana wa makanisa ya Goma yachague kila moja kituo cha watoto yatima, yakitembelee siku ya Noeli na siku ya Pasaka, yapeleke nguo, biskuti na sabuni, yacheze na watoto, kisha yapige picha ili makanisa mengine nayo yapate hamu ya kufanya vivyo hivyo. Nia yake ni njema, na siandiki ili nimvunje moyo. Mji wetu una watoto wengi mno wasio na wa kuwaangalia, na kijana anayekubali kuitoa Noeli yake kwa ajili yao hastahili kukemewa na mtu yeyote. Hata hivyo, nimefanya kazi hiyo ya kujitolea kupitia huduma ya watoto ya kanisa letu tangu mwaka 2003, kwanza katika kituo kimoja, baadaye katika nyumba za watu, na niliyoyaona katika miaka hiyo yananilazimu kusema kwamba njia anayoipendekeza, ambayo mimi mwenyewe niliifuata kwa muda mrefu, huwaumiza watoto kwa namna ambayo mgeni haioni, kwa sababu maumivu hayo huja akiwa amekwisha kwenda zake.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa lilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Kituo nilichoanzia kilikuwa na watoto wapatao arobaini, baadhi yao wakiwa wamefikishwa hapo baada ya volkano yetu, mlima Nyiragongo, kulipuka tarehe 17 Januari 2002, siku ile lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi na Sake wakiwa wameshikana mikono, na wengine wakaachana njiani. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na kila Alhamisi alasiri nilikwenda huko kufundisha nyimbo na hesabu. Mvulana mmoja wa miaka tisa hivi alipenda sana hesabu za kuzidisha. Nilikuwa nikimwandikia hesabu kumi katika daftari lake, naye huzifanya katika juma, nami huzisahihisha kwa kalamu nyekundu Alhamisi inayofuata. Halafu mitihani ya shule ikaja, kisha harusi ya dada yangu, kisha uzito tu wa mtu aliyekwisha kukosa mara mbili na sasa anaona haya kurudi. Yalipita majuma saba. Niliporudi, alinipa daftari bila kusema neno, na ndani yake nilikuta kurasa saba, kila moja imeandikwa juu tarehe ya Alhamisi, kila moja ina hesabu kumi alizojitungia mwenyewe na kuzijibu, na upande wa kulia ameacha nafasi ya alama yangu. Mama mlezi aliniambia kwamba kwa Alhamisi tatu za kwanza mtoto yule alikaa langoni hadi giza, na kwamba tangu Alhamisi ya nne hakumkaribia tena mgeni yeyote aliyeingia kituoni, hata walioleta mipira. Nilikwenda mwaka mzima uliofuata bila kukosa siku hata moja, akanisalimia kwa adabu, akajibu nilipomuuliza, lakini daftari hakulileta tena.

Ninalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba ziara ya siku moja, hata kama haileti faida kubwa, haiwezi kudhuru. Mtoto aliyefiwa, au aliyepotezana na mama yake katika msongamano wa watu wanaokimbia, au aliyefukuzwa nyumbani na baba wa kambo, amekwisha kujifunza kwamba watu wakubwa huondoka bila kusema. Kila mtu mzima anayemkumbatia saa nne asubuhi na kupanda motokaa saa nane mchana humrudishia somo lile lile. Wageni hufurahi sana wanapoona watoto wa kituo wakiwakimbilia, wakiwashika mikono na kuwaita mama na papa dakika ile ile ya kwanza, na husimulia kanisani jinsi walivyopendwa. Mtoto anayelelewa na mama yake hafanyi hivyo. Humwona mgeni, hujificha nyuma ya kitenge cha mama, huchungulia, na huchukua muda kabla ya kuja. Yule anayemkumbatia kila mtu mara nyingi ni mtoto ambaye hana mtu hasa aliye wake.

Mtumishi mmoja wa mambo ya jamii aliyetufundisha miaka kadhaa baadaye alitueleza utafiti uliofanywa katika mji wa Bucharest, nchini Romania, ambako serikali iliyoanguka mwaka 1989 iliacha watoto wengi sana katika majumba ya malezi. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa humo tangu uchanga. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya majumba yale. Waliopelekwa katika familia, na zaidi wale waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili, walikua kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mlezi kuliko wenzao waliobaki, ingawa katika majumba yale chakula kilikuwepo na vitanda vilikuwepo. Umoja wa Mataifa nao, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, unashauri kwamba walio chini ya miaka mitatu hasa walelewe katika familia. Mimi si mtaalamu, lakini nilipoyasikia hayo nilielewa kwa nini watoto wa kituo chetu waliokula vizuri kuliko watoto wa mtaa wangu walichelewa kusema, na kwa nini usiku walijibembeleza wenyewe kwa kutikisa vichwa vyao kwenye mto.

Kuna jambo la pili ambalo barua ya kijana wetu imelipita haraka, nalo ni neno lenyewe yatima. Nilipoanza kuwauliza watoto wa kile kituo habari za kwao, nilikuta wengi wao wana mama aliye hai, au baba, au bibi anayekaa Majengo au Birere, umbali wa kutembea kwa miguu. Hawakuletwa kwa sababu hawana mtu. Waliletwa kwa sababu mtu waliye naye hakuwa na chakula cha jioni wala sare ya shule. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazidai tena ada, jambo jema sana, lakini mama anayeuza ndizi barabarani bado anahitaji viatu, madaftari na sare, na mara nyingi anadaiwa cheti cha kuzaliwa ambacho hakukichukua ndani ya siku tisini zinazotolewa na sheria, hivyo sasa anaambiwa aende mahakamani kuomba hukumu ya kukipata. Mama kama huyo akiona kwamba katika kituo kilicho nyuma ya nyumba yake watoto wanakula nyama siku ya Noeli na wanavalishwa nguo mpya na vijana wa kanisa, atafanya nini? Mmoja aliniambia waziwazi, akiwa amemleta bintiye wa miaka mitano langoni: «Dada, kwangu atakula maneno.» Nasi tulimpokea mtoto, tukamwandika katika kitabu kuwa yatima, na siku ya wageni akaimba na wenzake wimbo wa kumshukuru Mungu aliyewapa wazazi wapya, mama yake akiwa amesimama upande wa pili wa ukuta. Sisi viongozi wa huduma tulijua, na nina hatia katika hilo. Kilo tano za unga kila juma na sare moja zingemwacha yule binti nyumbani kwao.

Kuhusu picha, ningeomba niseme kama mtu aliyekulia Goma. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikawaua watu kando ya barabara, watoto wengi sana walibaki peke yao, na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika mengine walikuwa wakiwapiga picha wale wadogo wasiojua hata majina yao na kuzibandika kwenye mbao, ili mama au mjomba anayepita katika kambi aweze kuutambua uso wa mtoto wake. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa wamama wa kanisa waliowabeba watoto kwenda kupigwa picha hizo, na alitusimulia jinsi mwanamke mmoja alivyosimama mbele ya ubao tangu asubuhi, akizipitia moja moja kwa kidole. Picha ile ilikuwa mali ya mtoto. Ilipigwa ili arudishwe kwao. Picha tunazopiga leo, zenye mtoto aliyechafuka akishika paketi ya biskuti katikati ya vijana waliovaa fulana za kanisa, hupigwa kwa ajili yetu na kwa ajili ya wafadhili, na hubaki katika simu za watu wasiojulikana hata mtoto huyo atakapokuwa kijana wa miaka ishirini anayetafuta kazi au mchumba. Hatuthubutu kuwapiga hivyo watoto wa mchungaji wetu, wala wa jirani. Sijawahi kupata mtu wa kunieleza kwa nini hawa wengine tunawapiga.

Andiko ambalo sote tunalitumia tunapowahimiza watu kujitolea ni la Yakobo 1:27, linalosema kwamba dini iliyo safi ni «kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao». Nimelifundisha andiko hilo katika shule ya Jumapili mara nyingi bila kulisimamia vizuri. Tunapomtazama mgonjwa hatuendi kumwona yukoje na kuondoka; tunakwenda kujua amekula nini, dawa imebaki kiasi gani, nani atalala naye usiku huu, na kesho tunarudi kwa sababu jana tulimwacha na homa. Hapa kwetu husema pia kumwangalia mtoto, na kila mtu huelewa kwamba ni kumlisha, kumwogesha, kumpeleka shule na kumwendea mwalimu mtoto anapoonewa. Yakobo, kadiri ninavyoelewa, anaongeza maneno «katika dhiki yao», yaani pale pale dhiki ilipo, katika nyumba ya udongo ya mjane anayelala na wajukuu watano, mahali ambapo motokaa ya vijana wa kanisa haifiki na hakuna anayepiga ngoma tunapoingia.

Nafika sasa kwenye kazi ninayoifahamu na ambayo ningependa kijana wetu na wenzake waijue. Jumamosi jioni tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na Alhamisi iliyofuata, tarehe 27, viongozi walipoamuru sehemu kubwa ya mji ihame kwa kuogopa mlipuko wa pili, maelfu ya familia zilishika barabara ya Sake katika saa chache. Mjane mmoja wa kanisa letu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alifika Sake usiku akiwa na watoto wake wanne na wengine wawili ambao hawakuwa wake: msichana wa miaka sita na kaka yake mdogo wa miaka mitatu, aliowakuta wamekaa juu ya bidoni, yaani dumu, kando ya barabara wakilia. Aliporudi Goma nao, hakuwapeleka kituoni. Aliwapeleka wakaandikishwe katika Msalaba Mwekundu na kwa watumishi wa Divisheni ya Mambo ya Jamii, jinsi inavyotakiwa, na kwa idhini yao akakaa nao kama familia ya mapokezi mpaka wa kwao wapatikane.

Msichana yule hakujua jina la mama yake; kwake alikuwa Mama tu. Hakujua pia jina la mtaa, ila kwamba nyumba yao iliungua, jambo lililotufanya tudhani ni upande wa Buhene, ambako lava ilifika. Lakini jioni, akiwa anamlaza mdogo wake, alikuwa akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, jinsi mtoto anavyoweza kuijua tu ikiwa amemsikiliza mama yake akiifanyia mazoezi nyumbani. Mjane, ambaye naye ni mwimbaji, aliliona hilo. Kwa siku kumi na kitu sisi watu wa huduma ya watoto tulizunguka katika mazoezi ya kwaya za makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, tukiuliza ni kwaya gani iliyokuwa ikijiandaa na wimbo ule kabla ya mlima kulipuka, na ni mama gani wa sauti ya pili ambaye hajarudi. Siku ya kumi na tisa tulimpata. Alikuwa Minova, ana jeraha mguuni, na alikuwa amekwisha kuwahesabu watoto wake kuwa wamekufa. Watumishi wa serikali na wa Msalaba Mwekundu walihakikisha kwanza kwamba kweli ni mama yao, kwa maswali na kwa uangalifu ambao wakati ule uliniudhi kwa kuchelewa kwake na ambao sasa nauheshimu, kisha watoto wakarudishwa.

Hakuna zawadi ya Noeli iliyoweza kufanya kazi hiyo. Ilifanywa na watu wanaokaa mjini hapa, wanaojua kwaya ipi hufanya mazoezi siku gani, na ambao hawakuchoka siku ya tatu. Na haikuisha siku ile ya machozi. Mama alirudi bila nyumba, kwa hiyo kwa mwaka mmoja na nusu mmoja wetu alimtembelea kila juma, likelemba yetu, yaani mchango wa fedha tunaopokea kwa zamu, ikampa zamu ya kwanza ili aanze kuuza makala, yaani mkaa, na msichana akaandikwa shuleni baada ya mzee mmoja wa kanisa kutembea mara sita kwa ajili ya karatasi zake. Zaburi ya 68 inasema kwamba Mungu «huwakalisha wapweke nyumbani». Nimeona jinsi neno hilo linavyotimizwa, na linahitaji makala, unga, bidoni za maji na nauli za motari wa pikipiki, tena kwa muda mrefu kuliko sadaka moja ya pekee inavyoweza kudumu.

Mapigano yalipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, na majuma machache baadaye kambi za Bulengo na Kanyaruchinya zikabaki tupu, tulipata tena watoto waliotengana na wazazi wao. Mwaka huo huo benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na msaada wa Marekani uliokuwa ukipitia kwa mashirika mengi ukasimamishwa. Kituo kimoja ninachokifahamu, ambacho kilitegemea fedha za wafadhili wa mbali, hakikuweza kuwalipa wapishi, na watoto wakubwa wakaambiwa wajitafutie. Baadhi yao niliwaona sokoni Virunga, na tayari watu walikuwa wakiwaita mayibobo, yaani watoto wa mitaani, jina ambalo ningefurahi kama magazeti yetu yangeacha kulichapisha, kwa sababu likishamshika mtoto hakuna anayekumbuka kumuuliza jina lake. Familia za mapokezi za makanisa, ambazo hazikuwa na mfadhili wa mbali hata kabla ya hapo, ziliendelea kwa shida ile ile, zikigawana kilichopo. Sisemi kwamba umaskini wetu ni mwema, wala kwamba mashirika hayahitajiki. Nasema kwamba mtoto aliyekuwa amelazwa katika nyumba ya mama fulani hakufukuzwa kwa sababu fedha haikufika.

Wapo watoto ambao familia haiwezi kuwapokea mara moja: waliotoka katika vikundi vya wenye silaha na wanaohitaji muda wa utulivu, wagonjwa, wale ambao kwao hakujulikani kabisa. Kwa hao kituo kinachoendeshwa vizuri ni lazima, na kazi iliyofanywa miaka mingi na Wasalesiani wa Don Bosco hapa Ngangi inajulikana na kila mtu wa mji huu. Ninachoomba ni kwamba kituo kiwe mahali pa kupita, na kwamba anayejitolea humo aulize tangu siku ya kwanza: mtoto huyu kwao ni wapi, na nani amekwenda kutafuta?

Sasa nitasema neno gumu kwa wachungaji na mapadri wetu, nikiwaheshimu. Katika makanisa mengi mtu akitaka kushika hazina, tunamchunguza; akitaka kuhubiri, tunamuuliza maswali mbele ya wazee; lakini akisema tu kwamba anawapenda watoto, tunampa watoto thelathini na chumba chenye mlango unaofungwa. Watu waovu wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba mtoto asiye na mzazi hana wa kumwambia, na kwamba akisema ataambiwa anachafua jina la mtumishi wa Mungu. Katika huduma yetu tulikubaliana, baada ya jambo moja lililotuumiza sana na ambalo sitalieleza kwa kuwa mtoto yule bado yupo nasi, kwamba hakuna anayepokelewa kujitolea kabla hatujauliza habari zake kwa mkubwa wa nyumba kumi na kwa kanisa alilotoka. Kwamba hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto peke yake mahali pasipoonekana. Kwamba hakuna kumpa mtoto mmoja zawadi kwa siri wala kumchukua kulala nyumbani kwa mtu. Na kwamba likitokea la kutokea, habari inapelekwa kwa watumishi wa serikali na haimalizwi kwa maombi ndani ya ofisi. Wapo waliotuacha kwa sababu ya masharti haya, wakisema tunawashuku ndugu. Wengine walikuwa watu wema, na niliumia walipoondoka, lakini sijajuta.

Jambo hili linagusa pia vyumba vya maombi. Watoto kadhaa niliowafahamu wakiishi barabarani hawakutupwa na vita wala na mlima. Walifukuzwa baada ya mtu aliyejiita nabii kuwaambia wazazi kwamba kifo cha mdogo wao, au kupotea kwa kazi ya baba, kumetokana na uchawi wa mtoto. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu cha 160, inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Wakristo wengi hawalijui hilo, na wengine wanalijua lakini wanaona haya kumpinga mwenzao aliyeshika Biblia. Itakuwaje kundi la vijana liende kituoni na biskuti siku ya Noeli, na Jumapili inayofuata likae kimya katika ibada ambamo mtoto mwingine anawekewa mikono ili mashetani yake yatoke, huku amelazimishwa kufunga siku tatu bila chakula wala maji? Kijana akiniuliza ni ipi huduma ya kwanza anayoweza kuwafanyia watoto walio hatarini, nitamwambia asimame siku hiyo, aseme, amchukue mzazi wa mtoto kando na kuzungumza naye kabla hajafika nyumbani.

Kijana wetu aliuliza katika barua yake vijana wenye nguvu na wasio na fedha wafanye nini. Nafikiri wasio na fedha ndio tunaowahitaji zaidi, kwa kuwa wana muda. Familia ya mapokezi yenye watoto saba inahitaji mtu wa kumsaidia mmoja wao kusoma, siku ile ile kila juma, kwa mwaka usiopungua mmoja. Bibi anayelea wajukuu anahitaji mtu wa kumsindikiza ofisi ya hali ya raia, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, na kukaa naye foleni, kwa sababu akiwa peke yake huambiwa arudi kesho. Mama aliyerudishiwa watoto wake anahitaji mtu wa kumbebea bidoni mbili za maji huku akimsikiliza. Anayejijua kwamba baada ya miezi miwili atahamia Kampala au Bujumbura kwa masomo, na asijitambulishe kwa watoto kabisa. Afanye kazi ya kuandika, ya kutafuta vifaa, ya kukarabati paa la familia ya mapokezi, ambayo ikiisha inaisha bila kumwachia mtu pengo. Na anayeahidi siku, kama siku hiyo ataugua, atume mtu kusema kwamba anaumwa. Mimi nilishindwa kufanya hilo dogo kwa majuma saba.

Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ningependa kumwalika ndugu huyo kupitia kurasa zenu. Kundi letu lina vijana wachache, na familia zinazosubiri mtu wa kuja ni nyingi kuliko sisi. Kama anaweza kutoa Jumatano saa tisa alasiri hadi Noeli ya mwakani, amwendee mchungaji wake, naye atamwonyesha njia ya kutufikia. Tutauliza habari zake kama tunavyouliza za kila mtu, na asikasirike. Tuna mtoto wa darasa la nne, hapa Ndosho, anayepata shida na hesabu za kuzidisha. Hatujamwambia bado kwamba kuna mtu anakuja.

Wenu katika Kristo,

Mama mwalimu wa shule ya Jumapili,
Ndosho, Goma